Viganja vya Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Mvua zimeanza leo na mama mkwe ameingia nazo. Nyumba yake iko bondeni, kila msimu wa mvua maji humfika magotini, kwa hiyo mke wangu ameamua akae kwetu mpaka kukauke. Sikuombwa ushauri, nilipewa taarifa. Nimebeba mabegi matatu, redio, na mto wake wa kulalia ambao hauachwi nyuma hata nyumba ikiungua, nikavipeleka chumbani kwa binti yetu aliye shule ya bweni. Nikasema, karibu sana, Mama, jisikie uko kwako. Hakuchelewa. Niliporudi sebuleni nilimkuta kwenye kiti changu.

Kiti hicho kinatazama tangi langu la kioo la maji ya chumvi. Kutwa nasaga vioo vya miwani ili watu wengine waone vizuri, na nikirudi nakaa hapo nusu saa, sitaki kuulizwa kitu, natazama Tawi. Tawi ni tumbawe gumu la rangi ya zambarau. Nilipewa kipande chake miaka tisa iliyopita kikiwa saizi ya ukucha wa kidole gumba. Leo lina vidole kumi na saba na sahani ya chakula hailifuniki. Tumbawe gumu linakua kwa kusuasua. Maji yakizidi joto kidogo, linakufa. Chumvi ikipungua, linakufa. Mke wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba binti yetu alipokuwa mchanga sikumwamkia mara nyingi kama ninavyoiamkia pampu. Ni kweli, na sipendi akisema.

Leo nimekaa kwenye sofa. Kutoka pale naona nusu ya tangi na kisogo cha mama mkwe.

Alhamisi, 13 Machi

Kiti bado kina mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Kumbe macho yake yamechoka. Nimempima mwenyewe dukani, nimemsagia vioo, nimemchagulia fremu nyepesi isiyomuumiza pua. Mke wangu alifurahi mpaka akanisifu mbele ya watu. Mama mkwe aliivaa miwani, akaligeukia tangi, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ndani mna mawe matupu." Miwani nimetengeneza mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni, bomba liko wazi ili nisisikike nikisonya.

Leo asubuhi mama mkwe alikwenda na mke wangu kwa muuza samaki wa mapambo, yule tunayemwita Chumvi kwa sababu chumvi ya matangi ya mji mzima inatoka kwake. Mama akamweleza kwamba mkwe wake ana tangi zuri lakini limekaa uchi. Chumvi, ambaye hajawahi kunipunguzia hata gramu moja, akampa zawadi: kipande cha viganja ndani ya mfuko wa maji, na tyubu ya gundi.

Viganja ni matumbawe laini. Yana shina jeupe, na juu yake vikono vidogo vinavyofumba na kufumbua mchana kutwa, hakuna anayejua kwa nini. Mgeni akiviona anasema ni vizuri sana, na kweli ni vizuri. Lakini vinatambaa. Popote vinapogusa vinashika, vinazaa, vinapanda juu ya jirani na kumnyima mwanga. Kila mfugaji wa matumbawe anajua kwamba viganja hukaa kisiwani, kwenye jiwe lao dogo peke yao, katikati ya mchanga, mbali na kila kitu. Nimempigia simu Chumvi, anaapa kwamba alimwambia. Mama mkwe katika maelezo yote alisikia neno gundi.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta kwenye kiti changu, mkono wa kulia umelowa mpaka begani, uso umejaa furaha. Alikuwa amevibandika juu ya jiwe kubwa, katikati kabisa, shibiri mbili kutoka kwenye Tawi. Jiwe kubwa halitoki. Limebeba mawe mengine yote. Ukiling'oa umebomoa tangi.

"Nimekupambia," alisema. "Umependa?"

"Nimependa sana, Mama."

"Mbona kama umenuna?"

"Hakuna neno, Mama."

Mke wangu amenifuata bafuni akagonga. Akasema kama vimewekwa pabaya nimwambie mama, mama ana masikio. Nikasema mkwe hagombezwi. Akasema nani kataja kugombeza, yeye kataja kuambia. Mimi sijui kusema bila kugomba, ndiyo maana nanyamaza. Nilidhani katika miaka kumi na minne atakuwa amelijua hilo.

Jumanne, 25 Machi

Ameanza kuvisalimia. Asubuhi anauliza viganja vimeamkaje, kisha anajibu mwenyewe kwamba havijambo. Ameniuliza tena kama napenda. Hakuna neno, Mama.

Jumapili, 30 Machi

Kumi na vinne. Anavihesabu kwa sauti, na redio imewashwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama mkwe alikwenda kumwona shoga yake, mke wangu alikuwa zamu hospitalini. Nikachukua kibano kirefu, nikakunja mikono ya shati, nikaving'oa. Nisiseme uongo humu ndani: niling'oa kwa raha. Vilikuwa ishirini na kitu, laini kama nyama ya samaki, vinakatika kabla ya kutoka, na kila kilichokatika nilikivuta tena. Povu jeupe likapanda. Nilikwangua mpaka jiwe likabaki na alama. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Aliporudi alivua viatu, akaketi, akainamia kioo. Kisha akauliza nani kavila.

Hapo ndipo ningeweza kusema. Badala yake nilisema labda ni samaki, Mama. Akauliza yupi. Nikamwonyesha yule wa njano, mnyonge wa Mungu, anayekula ukoga tu tangu azaliwe. Mama mkwe akagonga kioo mara tatu kwa pete yake na kumwambia samaki kwamba ameonekana.

Jumapili, 6 Aprili

Samaki wa njano sasa anaitwa Jambazi. Hakuna neno.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipita kwa Chumvi kumwambia nimemaliza tatizo alilonitengenezea. Akaniuliza kama nilizima pampu kabla ya kung'oa. Sikuizima. Nilikuwa na haraka, au tuseme nilikuwa na hasira, na hasira haikumbuki swichi. Chumvi akaishika meza kwa kicheko. Kila kipande cha viganja, hata kama punje ya mchele, kikipata jiwe kinaota. Mimi nilivikatakata vipande mia, na pampu ikavisambaza kila kona.

"Hukung'oa, kaka," alisema. "Umepanda."

Nikamwambia kama angekaa na zawadi zake tusingefika hapa. Akasema zawadi ilikuwa ya mama, na mama akamshukuru vizuri, tofauti na watu wengine.

Nimewasha tochi na kuchungulia nyuma ya mawe. Kweli. Vidoa vyeupe kila mahali, na kila kidoa kina vikono.

Jumamosi, 19 Aprili

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa nane mchana. Tangi bila pampu ni mfuko wa kuzibia watu pumzi. Maji yakisimama, kila kilichomo kinakosa hewa. Nikachukua jagi, nikawa nateka na kumimina, nateka na kumimina, hewa iingie. Baada ya nusu saa mama mkwe aliinuka kwenye kiti changu, akaenda jikoni, akarudi na kikombe kikubwa cha bati, akasimama upande wa pili. Hakuuliza kitu. Tumeteka mpaka umeme ukarudi, yeye na miaka yake sabini na moja, kiganja kimekunjamana kwa maji ya chumvi, wala hakusema amechoka.

Katikati ya kuteka alinisimulia habari za marehemu mume wake. Akasema, "Alikuwa kama wewe. Akinuna, hata kuta zinajua, lakini ukimuuliza anasema hakuna kitu. Alikufa mimi sijajua kosa langu la kwanza lilikuwa lipi."

Nilisema pole, Mama. Akanitazama juu ya miwani, kama mtu anayesubiri chenji dirishani. Nikaendelea kuteka.

Tawi limepona. Nilitaka kumshukuru na nikashindwa, maana hasira zangu zote zilikuwa zimejipanga juu yake na sasa amekuja kuzivuruga. Mtu akikukosea, basi akukosee moja kwa moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Ameacha kuhesabu, havihesabiki. Mbele, nyuma, kwenye bomba la pampu, kwenye kioo. Mama mkwe anafurahi kupita kiasi. Anasema Jambazi ameshindwa, sasa humu mna uhai. Ameuliza kama kuna neno. Hakuna neno, Mama.

Jumapili, 4 Mei

Vimefika. Asubuhi kiganja kimoja kilikuwa kimeegemea shina la Tawi kama mlevi ukutani, na pale kilipoegemea rangi ya zambarau imetoka, umebaki mfupa mweupe. Weupe huo haurudi nyuma. Utapanda.

Alhamisi, 8 Mei

Vidole sita vyeupe. Dukani nimesaga kioo cha mteja kinyume, cha kushoto nimekifanya cha kulia. Tangu nianze kazi haijanitokea.

Jumatatu, 12 Mei

Ilikuwa juzi, Jumamosi. Nitaandika yote, kwa utaratibu.

Asubuhi Tawi lilikuwa na vidole kumi na kimoja vyeupe. Mke wangu alikuwa zamu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, anaimba na redio. Nilizima pampu, safari hii nilikumbuka, nikatoa jiwe la pembeni, saizi ya mkate, lililofunikwa na viganja kila upande. Nililibeba mbele ya macho yake likichuruzika. Akauliza nalipeleka wapi. Nikasema kulisafisha, Mama. Nikaliweka kwenye sufuria kubwa, nikajaza maji, nikawasha jiko moto wa mwisho. Nilitaka vife na nilitaka kusikia vikifa. Madirisha ya jikoni yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua.

Nyuma ya jiwe lile kulikuwa na vifungo. Ni matumbawe mengine, ya kijani, ya mviringo kama vifungo vya koti, nimekaa navyo miaka sita. Siku nilipovichukua Chumvi aliacha utani wote, akanishika mkono. Alisema hivi vina sumu: usivishike ukiwa na kidonda, usivikwangue, na usithubutu kuvichemsha, maana mvuke wake unaweza kulaza nyumba nzima. Huwa navaa glavu nikivisogelea. Nilijua. Ningeligeuza jiwe mara moja tu ningeviona. Sikuligeuza, kwa sababu nilikuwa namwangalia mama mkwe kama ananiangalia.

Maji yalipoanza kuchemka nilirudi sebuleni kupanga mawe yaliyobaki. Nilisikia harufu mbaya, ya shaba iliyoungua, na mdomo ukaingia uchungu. Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alidhani nimesahau chakula motoni. Nilimwita, nilimwita vibaya, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele yake, lakini nilipofika mlangoni alikuwa amefunua mfuniko na ameinama juu ya sufuria ili aone, miwani yote imejaa mvuke.

Nilimvuta nje kwa kiuno. Nikazima jiko nikiwa nimeziba pua na shati. Dakika kumi baadaye alikuwa anakohoa, robo saa baadaye anatetemeka kama mtu wa homa, midomo imebadilika rangi. Jirani mwenye gari alitupeleka. Nilimwambia daktari mapokezini kila kitu kuhusu sumu: jina, mvuke, saa ngapi, kwa muda gani. Akamwekea oksijeni palepale. Akasema sumu hiyo haina dawa yake, wanasaidia pumzi na moyo, na wanasubiri.

Mke wangu alitoka wodi ya juu akiwa na sare yake. Aliuliza nani aliyechemsha jiwe. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akasogeza kinyago cha oksijeni pembeni kwa kidole kimoja.

"Ni mimi," alisema. "Niliona chafu."

Mke wangu akamgeukia mama yake. Alimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama, kwamba hatulizi mikono, kwamba kila nyumba anayoingia lazima aguse, kwamba sasa alitaka kuua watu. Mama mkwe alifumba macho akapokea yote. Na mimi nilisimama pale, mwanamume mzima, nikikohoa kwenye shati langu, nikanyamaza.

Jana nimenyamaza. Leo nimenyamaza. Nina hasira naye. Ndiyo, naye! Nani alimwomba anibebee? Sasa nina deni la heshima kwa mtu niliyemchukia miezi miwili, na yeye hawezi hata kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.

Jumanne, 13 Mei

Nimesema.

Nilimkuta mke wangu wodini anamchana mama yake nywele, kwa nguvu, bado amemkasirikia. Nikasimama miguuni pa kitanda nikasema ni mimi. Jiwe nilitoa mimi, jiko niliwasha mimi, sumu niliijua mimi, na viganja nilivitawanya mimi mwezi wa nne nikamsingizia samaki.

Mke wangu aliweka kitana juu ya shuka. Nilitarajia kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya kazini, ile anayoulizia wagonjwa: siku tatu nilikuwa namsikiliza akimtukana mama yake, nilikuwa nafikiria nini? Akatoka. Viatu vyake nilivisikia mpaka mwisho wa korido.

Mama mkwe aliinua kinyago.

"Nani kakuomba?" alisema, na akageukia ukutani.

Jumatano, 14 Mei

Mke wangu analala chumbani kwa binti yetu. Mimi nakohoa peke yangu.

Jumapili, 18 Mei

Tawi limekwisha. Nilikata kidole cha mwisho chenye rangi, nikakibandika kwenye kijiwe chake, nikakiweka kwenye ndoo yenye taa na pampu ndogo. Kimebaki kipande saizi ya ukucha wa kidole gumba. Miaka tisa.

Ajabu ni kwamba sikulia kwa hilo. Nililia baadaye, nilipoona kikombe cha bati juu ya rafu.

Jumanne, 20 Mei

Ameruhusiwa. Amedhoofu, anapumzika kila hatua saba. Nilimwekea mto wake kwenye kiti mbele ya tangi. Akapita, akakaa kwenye sofa.

Jumamosi, 24 Mei

Siku ya tano kiti kitupu. Hakuna anayekikalia, wala mimi.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimeisha. Bondeni kumekauka na mama mkwe amesema anakwenda kwake leo, hataki kusikia habari ya kesho. Mke wangu, ambaye sasa ananisemesha mambo ya lazima tu, alimwitia teksi. Nilibeba mabegi matatu, redio na mto, nikavipanga mlangoni. Mama mkwe alikuwa sebuleni amevaa viatu, mkoba mapajani.

"Kaa," aliniambia. Nikaenda kwenye sofa. "Si hapo."

Nikakaa kwenye kiti changu, nikamgeukia. Nyuma yangu viganja vilikuwa vinafumba na kufumbua, tangi zima.

"Sasa nigombeze," alisema. "Teksi haijafika."

Nilisema siwezi, Mama, hakuna neno. Akapiga mkoba kwa kiganja.

"Ukisema tena hakuna neno nitachemsha lile jiwe lililobaki ninywe maji yake. Niliona vipande vyeupe kwenye sinki mwezi wa nne. Kibano ulikiacha kimelowa. Nikasema mkwe wangu ana aibu, nimsitiri. Nikagombana na samaki wiki nzima kwa ajili yako. Kila siku nikakuuliza kama kuna neno. Ungenigombeza ile siku ya gundi, ningelia kidogo, ningekuita mshenzi kwa dada zangu, na jioni tungekula. Sasa sema."

Nikasema. Nilianza polepole, kisha vikatoka vyote. Gundi. Jiwe kubwa. Kwamba hakusikiliza alichoambiwa dukani, kwamba hasikilizi kamwe. Redio. Vidole kumi na saba. Nilisimama bila kujua nimesimama, na sauti yangu ilitoka nje mpaka mke wangu akaja mlangoni na kopo la chai mkononi. Mwisho nikasema kuhusu kiti.

"Kiti?"

"Kiti changu, Mama. Tangu tarehe tisa Machi."

"Miezi miwili unakaa pale pembeni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa," alisema taratibu, "kumbe ni kiti."

Mke wangu alicheka, mara moja, kama mtu aliyekwaruzwa, kisha akaziba mdomo. Ilikuwa sauti yake ya kwanza ya kawaida humu ndani tangu siku ile. Halafu akakumbuka kwamba ana hasira, akarudi jikoni.

Teksi ilipiga honi. Mama mkwe akainuka kwa awamu. Akasema sasa ni zamu yake, na akaanza palepale: kwamba mimi ni mtu mzima mwenye tabia ya mlango uliofungwa kwa ndani, kwamba nilikuwa radhi kumpa samaki jina baya kuliko kumpa yeye neno moja, kwamba nilimwacha mwanawe amtukane siku tatu. Dereva alipiga honi tena. Alikuwa anavuta pumzi kila maneno manne na bado anasema. Nilimshika mkono mpaka garini, akasema njia nzima. Nilipofunga mlango alishusha kioo akaniambia hajamaliza, nikae karibu na simu.

Imelia saa kumi. Nimeipokea nikiwa kwenye kiti changu. Hakunisalimia, alianzia pale alipoishia. Nimemsikiliza nusu saa nzima, nikisema ndiyo, Mama, nikimsikia akitua kuvuta pumzi, na hata kwenye sufuria hajafika.